Kigali: Mbwa wa mitaani, mafundi wa Nyamirambo na swali la nani atalipa

Katika jiji la Kigali, ambalo kwa sensa ya mwaka 2022 lina wakazi zaidi ya milioni 1.7, kazi mbili za hisani huendeshwa bila kelele nyingi. Ya kwanza ni kuwaokoa mbwa wasio na wenyewe: kuwatibu, kuwachanja, kuwafunga kizazi na kuwatafutia makazi. Ya pili ni kuwapatia wanawake wa kipato cha chini ujuzi, vyombo vya kazi na soko la bidhaa wanazotengeneza kwa mikono yao. Ukizitazama kwa haraka utadhani hazina undugu. Hata hivyo zote mbili zimekua katika jiji lililokuwa likijijenga upya baada ya mwaka 1994, na zote mbili hutegemea jambo moja ambalo wafadhili hulisahau upesi, yaani ridhaa ya majirani.

Kwa upande wa mbwa, ridhaa hiyo haikuwa rahisi kupatikana, na sababu yake ni nzito. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maiti nyingi zilikaa siku na wiki bila kuzikwa, na mbwa waliobaki bila wenyewe wakazishambulia. Wanajeshi wa chama cha RPF, na hata wale wa Umoja wa Mataifa, waliwapiga mbwa hao risasi. Mwandishi wa Marekani Philip Gourevitch, aliyefika Rwanda mwaka 1995, alieleza katika kitabu chake cha 1998 jinsi alivyoshangazwa na nchi ambayo usiku wake haukusikika mbwa akibweka. Filamu ya mwaka 2005 iitwayo Shooting Dogs, iliyopigwa Kigali kwenyewe, ilichukua jina lake katika mkasa huohuo. Kwa Mnyarwanda aliyevuka umri wa miaka 40, basi, mbwa anayezurura karibu na nyumba huenda akamrudishia kumbukumbu ambazo hakuna kampeni ya mabango itakayozifuta. Mgeni anayekuja na huruma yake kwa wanyama, akaanza kuwalaumu wenyeji kwa ugumu wa moyo, anakuwa amekosea mlango.

Kuna pia suala la dini, hasa Nyamirambo na Biryogo, mitaa ya Waislamu ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya mtaani miaka mingi kabla ya Bunge la Rwanda kukifanya lugha rasmi mwaka 2017. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na kwa hiyo ni nadra kumkuta mbwa ndani ya nyumba. Lakini kutomweka ndani si kumtesa. Hadithi ya yule mwanamke mkosefu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumchotea maji kisimani mbwa aliyekuwa akifa kwa kiu inajulikana kwa kila mtoto aliyepita madrasa. Mtetezi wa wanyama anayeijua hadithi hiyo ana la kuzungumza na wazee wa mtaa.

Miongoni mwa makundi yanayofanya kazi hii Kigali ni Welfare for Animals Guild, linalojulikana kwa kifupi kama WAG. Kundi hili huwaokoa mbwa waliojeruhiwa au kutupwa, huwapatia matibabu na chanjo, kisha huwatafutia watu wa kuwachukua. Ni kazi ya kuchosha na ya gharama, kwani mbwa mmoja aliyegongwa na pikipiki anaweza kuhitaji upasuaji, dawa na wiki kadhaa za malezi kabla ya kupata nyumba. Faida yake, hata hivyo, haiishii kwa mbwa.

Kichaa cha mbwa huua takriban watu 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote barani Asia na Afrika, na asilimia 40 hivi ya wanaoumwa na mbwa anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto walio chini ya miaka 15. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la kutokuwa na kifo hata kimoja cha binadamu kinachotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Njia yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo husika. Kuwaua kwa sumu au risasi, mbinu iliyotumika katika miji mingi ya Afrika Mashariki, hakuleti matokeo hayo, kwa kuwa nafasi ya mbwa aliyeuawa huchukuliwa na wengine ambao hawajachanjwa. Kisiwa cha Pemba ni shahidi wa karibu. Kampeni za chanjo ziliutokomeza ugonjwa huo kisiwani mwaka 2014, ukarudi 2016 kutoka nje, na chanjo ikautokomeza tena.

Turudi Nyamirambo. Mwaka 2007 wanawake 18 wa mtaa huo walianzisha Kituo cha Wanawake cha Nyamirambo ili kupambana na ukatili na ubaguzi dhidi ya wanawake. Kituo hutoa bure mafunzo ya kusoma na kuandika, Kiingereza, kompyuta na ushonaji. Badala ya kukaa kusubiri hundi ya mfadhili, wanawake hao waliamua kuuza. Wanashona mikoba, nguo za watoto na mapambo ya nyumbani kwa vitenge chini ya chapa ya Umutima, yaani “moyo” kwa Kinyarwanda. Vilevile huwatembeza wageni mtaani, wakawaonyesha saluni na msikiti, na kuwapikia chakula cha mchana.

Mfano mkubwa zaidi wa njia hiyo ni vikapu vya agaseke. Dada wawili, Janet Nkubana na Joy Ndungutse, walianzisha kampuni ya Gahaya Links mwaka 2004, na mwaka uliofuata vikapu vilivyosukwa na wanawake wa Rwanda, wajane wa 1994 miongoni mwao, vikaanza kuuzwa katika maduka ya Macy's nchini Marekani.

Biashara nayo ina mitego yake. Machi 2020, Rwanda ilipofunga mipaka kwa sababu ya UVIKO-19, watalii walitoweka kwa mkupuo, na mapato yote yanayotegemea mgeni anayetembea mtaani yakakatika. Makundi ya wanyama yanayotegemea michango huwa katika hali mbaya zaidi, kwa sababu mbwa hula kila siku, na hayana cha kuuza.

Hapa ndipo kazi hizi mbili zingeweza kukutana. Katika kampeni nyingi za chanjo, mbwa aliyechanjwa huvishwa ukosi wa kitambaa shingoni ili majirani wajue kwamba ana chanjo. Ukosi huo ni kazi ya dakika chache kwa fundi mwenye cherehani na mabaki ya kitenge. Anayenunua kwa fundi wa mtaani anampa mama ujira, na wakati huohuo mtaa unapata alama ambayo hata mtoto anaweza kuisoma. Wanyarwanda wa ughaibuni wanaoulizana watume nini nyumbani wangeweza kuanza na oda ya namna hiyo, na bei wakaiacha iamuliwe na fundi mwenyewe.

Kwa wanaosafiri na watoto kwenda Kigali, au popote Afrika Mashariki, ni vyema kumwona daktari mapema kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtu akiumwa, au hata akikwaruzwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu huua karibu kila anayeupata.