Bi. Caroline Haslett: Kutoka Kuuza Boila Hadi Soketi ya Nyumbani

Katika kijitabu hiki cha miaka kumi ya kikundi chetu tumeeleza kurasa nyingi habari zetu wenyewe. Hapa tumeona tutoe nafasi kwa mama mmoja wa mbali, ambaye hakununua hisa kwetu wala hakujua kama tutakuwepo, lakini kazi yake imo ndani ya nyumba ya kila mwanachama mwenye umeme. Tena wapo wenzetu ambao kwa mikopo ya kikundi wanauza pasi, birika za umeme na taa za sola. Hao wanajua jinsi mteja anavyoangalia bidhaa, akamwangalia mama, halafu akauliza, "Sasa fundi yuko wapi nimuulize?" Basi habari za Bi. Haslett zinahusu swali hilo hasa.

Alizaliwa mwaka 1895 kijiji cha Worth, jimbo la Sussex, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa ishara za reli na mwanaushirika wa kweli kweli, kwa hiyo mambo ya watu kuchanga na kumiliki kitu pamoja binti aliyasikia tangu utotoni. Alisomea ukarani mjini London, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza akaajiriwa na kampuni ya Cochran iliyokuwa ikitengeneza boila za mvuke. Kazi yake ilikuwa ile wasichana waliyopewa siku zile: kupiga taipu na kuandika barua. Wakati huo huo alijiunga na akina mama waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura, jambo ambalo nyumbani halikuwafurahisha.

Sasa, boila si sufuria. Mnunuzi wa boila haulizi bei tu. Anataka kujua itatoa mvuke kiasi gani kwa saa, itastahimili shinikizo gani, itakula makaa kiasi gani, na itaingia kwenye chumba alicho nacho au haiingii. Karani anayeandika barua za mauzo bila kuyaelewa hayo anakuwa kama kasuku. Vita vilipoanza mwaka 1914 wanaume wengi walikwenda jeshini, na Bi. Haslett akajikuta akibeba shughuli kubwa zaidi ofisini. Hapo akaomba jambo ambalo wenzake wengi wasingeliomba: apelekwe kiwandani ajifunze. Akapelekwa Annan, huko Scotland, boila zilikotengenezwa, akaona chuma kinavyokatwa na kuungwa. Katika miaka michache tu yule karani alikuwa anasimamia ofisi ya London.

Vita vilipokwisha mambo yakageuka. Mwaka 1919 ilipitishwa sheria ya kurudisha taratibu za viwandani zilizokuwepo kabla ya vita, na maelfu ya wanawake waliokuwa wameshazoea mashine wakaambiwa warudi majumbani. Mwaka huo huo wanawake kadhaa, wakiwemo Lady Katharine Parsons na binti yake Rachel, wakaanzisha Chama cha Wahandisi Wanawake. Walitangaza kazi ya katibu, Bi. Haslett akaomba, akapata. Aliacha kazi ya boila akiwa na miaka 24 hivi. Kwa macho ya watu wa kawaida ulikuwa uamuzi wa ajabu, maana chama kilikuwa kichanga na hakina uwezo wa maana.

Mwaka 1924 mhandisi mmoja, Bi. Mabel Matthews, alikuja na wazo kwamba wanawake wafundishwe matumizi ya umeme. Alikuwa ameshalipeleka kwa wakubwa wa taaluma hiyo, hawakulitaka. Bi. Haslett akalichukua, na Novemba mwaka huo kikaundwa Chama cha Umeme cha Wanawake, yeye akiwa mkurugenzi. Tukumbuke kwamba wakati huo nyumba nyingi za Uingereza zilikuwa bado zinatumia gesi, mishumaa na makaa. Watu waliogopa umeme, na waliokuwa wanauuza walizungumza na baba mwenye nyumba ilhali anayepika, anayepiga pasi na anayefua ni mama. Chama kikafungua matawi mijini, kikaendesha mafunzo na mitihani, kikatoa kitabu cha umeme kwa wanawake mwaka 1934, na mwaka 1935 kikajenga mjini Bristol nyumba ya maonyesho inayotumia umeme kwa kila kitu. Walifika hata kuchapisha namna ya kufunga plagi juu ya kitambaa cha kukaushia vyombo! Kufikia mwaka 1939 karibu theluthi mbili za nyumba za Uingereza zilikuwa na umeme.

Tuseme ukweli hapa. Kampuni za umeme nazo zilifaidika, kwani kila pasi iliyochomekwa ilikuwa pesa yao. Na ile ahadi kwamba umeme utamtoa mama jikoni, sisi tuna mashaka nayo: birika ikichemsha haraka, mama hupewa kazi nyingine. Lakini mafunzo yenyewe yalikuwa mali. Mama aliyejua kusoma mita na kubadilisha fyuzi alikuwa hadanganywi ovyo.

Mwaka 1942, vita vya pili vikiendelea, iliundwa kamati ya watu 20 kupanga umeme utakavyowekwa katika nyumba zitakazojengwa baadaye. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Bi. Haslett. Kutokana na kazi ya kamati hiyo ukaja mwaka 1947 ule muundo wa plagi ya pini tatu bapa, ambao Waingereza waliueneza na ambao sisi Afrika Mashariki tunautumia mpaka leo. Mwaka huo huo alipewa heshima ya Dame, na akawa mwanamke wa kwanza katika bodi ya shirika jipya la umeme la taifa. Alifariki Januari 1957.

Hebu iangalieni hiyo plagi. Pini ya ethi ni ndefu kuliko mbili zile, kwa sababu inatangulia kuingia na kusukuma vifuniko vidogo vilivyoziba matundu ya umeme. Kamati ilidai hivyo kwa ajili ya watoto wadogo, ili mtoto akichomeka msumari asikute umeme. Ndani ya plagi mna fyuzi, kwa kuwa baada ya vita shaba ilikuwa adimu na waya mmoja ukazungushwa nyumba nzima ukilisha soketi nyingi.

Sasa tazama tunavyofanya: plagi ya pini mbili haiingii, basi mtu anachukua kalamu au kijiti, anachokoa tundu la juu vifuniko vifunguke, anaisukumiza. Plagi ile haina fyuzi, na waya wake mwembamba unabaki kulindwa na fyuzi kubwa ya nyumba, ambayo huweza kuruhusu hata ampea 30. Waya unaweza kuungua kabla haijakatika. Wenzetu wanaouza vifaa siku hizi hubadilisha plagi kabla ya kumkabidhi mteja, na akiuliza fyuzi gani wanamjibu wenyewe: redio na taa ya mezani ampea 3, birika na pasi ampea 13.