Silinda ya Horsell: Chombo cha Uvamizi katika Riwaya ya H. G. Wells

Wahakiki wa bunilizi ya kisayansi wameizoea mno taswira ya merikebu ya angani inayoning'inia juu ya jiji, hata wakaichukulia kuwa ndiyo sura asilia ya chombo cha uvamizi. Historia ya utanzu huu haikubaliani nao. Katika The War of the Worlds ya H. G. Wells, iliyotoka kwa mfululizo jaridani mwaka 1897 na kama kitabu mwaka 1898, wavamizi kutoka Mirihi hawaji kwa merikebu. Wanakuja ndani ya kombora la mzinga.

Tofauti hii si ya istilahi tu. Silinda ya kwanza, yenye kipenyo cha yadi 30 hivi, inaangukia uwanda wa Horsell karibu na Woking, mji ambao Wells mwenyewe aliwahi kuishi. Imefyatuliwa, imetua, imezama mchangani. Kisha kifuniko chake kinazungushwa polepole kutoka ndani. Kurusha watu angani kwa mzinga si wazo la Wells. Jules Verne alilitumia mwaka 1865, lakini wasafiri wake waliondoka Florida kwa udadisi, na katika riwaya iliyofuatia wakarejea duniani. Silinda ya Wells haina njia ya kurudi. Aliyemo hakuja kuzuru, wala kupora na kwenda zake. Ni mlowezi.

Usomaji huu unaungwa mkono na matini yenyewe. Katika sura ya kwanza msimulizi anawataka wasomaji, kabla ya kuwahukumu Wamirihi, wakumbuke maangamizi yaliyowafika wenyeji wa Tasmania mikononi mwa wahamiaji wa Kizungu. Msomaji wa Kenya atakumbuka ya karibu zaidi: Uingereza ilitangaza himaya yake hapa mwaka 1895, na ujenzi wa reli ukaanza Mombasa mwaka 1896. Sidai kwamba Wells aliifikiria Mombasa. Isitoshe, wanaomwita mpinzani wa ukoloni wanampa sifa iliyozidi kiasi, kwani Mtasmania katika riwaya hii ni mfano tu. Hasemi neno, na machozi yote yanamwagwa kwa ajili ya London.

Hata hivyo, kumbukumbu hiyo finyu nayo ilififia kadiri chombo kilivyobadilika umbo. Katika Childhood's End ya Arthur C. Clarke (1953), vyombo vinasimama juu ya miji mikuu bila kutua, na baadaye inabainika kuwa ni kimoja tu kilichokuwa halisi. Vingine vilikuwa kiinimacho. Huu bado ni ukoloni, ila ni ule wa gavana, unaotawala kwa kuonekana. Katika filamu ya Independence Day (1996), vyombo vyenye upana wa maili 15 hivi vinateketeza miji, na wavamizi wanalinganishwa na nzige. Nzige hana historia, wala hamkumbushi mtazamaji yeyote matendo ya babu zake. Ngao za vyombo hivyo zinazimwa kwa kirusi cha kompyuta na chombo kikuu kinaangamizwa kwa kombora la nyuklia, vyote vikipelekwa na mashujaa wa Kimarekani, ilhali Wamirihi wa Wells waliuawa na bakteria, pasipo shujaa yeyote, baada ya mizinga ya Waingereza kushindwa.