Mtangazaji Asiyesikia Aliyebaki Kazini

Leo tuzungumze juu ya masikio na kazi. Mtu mzima akipoteza uwezo wa kusikia, swali la kwanza nyumbani huwa: sasa unga utatoka wapi?

Kule Marekani alikuwako mtangazaji wa redio aitwaye Rush Limbaugh. Siasa zake tuziache, hazituhusu leo. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na wasikilizaji waliopiga simu. Mwaka wa 2001, katika muda wa miezi michache, masikio yake yote mawili yaliacha kusikia. Vifaa vya kawaida vya kukuza sauti havikumsaidia tena. Hata hivyo hakuacha kazi. Wenzake walisikiliza simu na kumwandikia maneno kwenye kompyuta, naye akasoma na kujibu. Fikiria uchovu wake!

Desemba 2001 alipasuliwa mjini Los Angeles, akapandikizwa kifaa ndani ya sikio la kushoto. Katika mji huohuo daktari William House alikuwa amejaribu upasuaji wa namna hiyo mwaka wa 1961, na vile vifaa vya kwanza ikabidi vitolewe baada ya muda mfupi. Kwa Limbaugh kilikubali. Aliendelea kupokea simu hewani kwa miaka 19 hivi, hadi mapema mwaka wa 2021, mwezi aliofariki.

Lakini mama, usidhani sikio lilirudi kama zamani. Kifaa hiki hugeuza sauti kuwa umeme, na nyaya nyembamba huupeleka kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia. Ubongo unapaswa kujifunza upya kwamba mlio ule ni neno. Baada ya upasuaji mtu husubiri kidonda kipone ndipo kiwashwe, kisha hufuata miezi ya mazoezi. Limbaugh mwenyewe alieleza kwamba nyimbo alizozijua zamani alizitambua. Zile mpya hakuweza kuzishika.

Kwa hiyo mume au dada yako aliyepandikizwa akirudi kutoka kazini amenyamaza, usiseme ana kiburi. Amesikiliza kwa bidii kutwa nzima, na kichwa kimechoka. Usimwite kutoka jikoni. Msogelee, aone uso wako, mseme mmoja mmoja. Na redio izimwe kwanza, hata hii yetu.