Jackie Wilson na Deni la Sauti Yake

Usiku wa tarehe 29 Septemba, 1975, katika ukumbi wa Latin Casino huko Cherry Hill, jimbo la New Jersey, Marekani, mwimbaji Jackie Wilson alianguka jukwaani huku akiimba "Lonely Teardrops". Watazamaji wakashangilia. Walikwisha mzoea kuwa mtu wa kuruka, kuzunguka na kupiga magoti, nao walidhani kwamba kuanguka huko ni sehemu ya mchezo. Kumbe moyo wake ulikuwa umepatwa na shtuko na ubongo ukikosa hewa. Hakuimba tena mpaka alipofariki tarehe 21 Januari, 1984.

Wilson alizaliwa Detroit mwaka 1934. Alicheza ngumi ujanani, kisha mwaka 1953 akajiunga na kundi la Billy Ward kushika nafasi ya Clyde McPhatter. Elvis Presley alimwona Las Vegas mwaka 1956, akarudi kumtazama tena, na kuwasimulia wenzake kwa mshangao. Muziki wa soul, ambao vijana wa Afrika Mashariki waliupokea kwa jina lake hilo hilo bila kulitafsiri (na ambao mwaka 1969 ulipigwa marufuku mjini Dar es Salaam), ulikuwa bado unatafuta umbo lake. Wilson ni mmoja wa waliolifinyanga.

Hapa pana jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita upesi. "Reet Petite", wimbo wake wa kwanza alipoanza kuimba peke yake mwaka 1957, ulitungwa na Berry Gordy pamoja na wenziwe. Gordy alitambua kwamba mtunzi hupata kidogo ilhali mwenye kampuni ndiye avunaye. Basi mwaka 1959 akaanzisha kampuni yake, iliyokuja kuitwa Motown. Wilson alibaki katika kampuni ya Brunswick. Mwaka 1967 aliporekodi "Higher and Higher" mjini Chicago, baadhi ya wapigaji vyombo walikuwa watu wa Motown waliotoka Detroit kutafuta ujira wa ziada. Hivyo nyumba iliyoinuliwa kwa nyimbo zake ilimwazima wapigaji, yeye akiwa nje ya mlango.

Misiba haikumwacha. Mwaka 1961 alipigwa risasi na mwanamke mmoja mjini New York, akapoteza figo. Mwaka 1970 mwanawe aliuawa kwa risasi. Madeni ya kodi yalimwandama, na kufikia mwaka 1975 alikuwa akizunguka na kundi la waimbaji wa zamani, akiuza kumbukumbu. Wako wanaosema kwamba ulevi ndio uliommaliza. Sikatai kwamba alikunywa, lakini mimi naona mikataba ilimla zaidi kuliko chupa. Hata alipolala kitandani bila kujiweza, watu waligombania mahakamani nani awe msimamizi wake.

Mwezi mmoja baada ya kifo chake, Michael Jackson alimtaja kwa heshima alipopokea tuzo ya Grammy. Wakati huo Wilson alikuwa amelala katika kaburi lisilo na jiwe, karibu na Detroit. Desemba 1986 "Reet Petite", ulipotolewa upya, ulishika nafasi ya kwanza Uingereza. Bado kaburi halikuwa na alama. Wapenzi wa muziki wakachanga fedha, na tarehe 9 Juni, 1987, siku ambayo angetimiza miaka 53, akazikwa upya katika kaburi la kujengewa.