Kazi za Mkono Wakati wa Nafasi: Sindano, Uzi na Bustani Katika Usangu

  Ninyi mlio katika vikundi, sogeeni karibu na redio. Na wewe unayelisoma somo hili kitabuni, soma polepole. Na kama yupo jirani asiyejua kusoma, msomee kwa sauti.

Leo tutazungumza juu ya historia ya kazi ambazo watu wengi hawazihesabu kuwa kazi. Twende Ubaruku, katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya. Hiyo ni nchi ya Usangu, tambarare kubwa chini ya milima, na watu wake wanajulikana kwa kilimo cha mpunga. Mpunga ukisha kuvunwa, kiangazi huingia na kazi za majaruba hupungua. Wakati huo utawaona akina mama wamekaa kivulini juu ya mkeka. Mmoja anafuma kitambaa cha kochi kwa kroshia. Mwingine anadarizi foronya, ameandika kwa uzi mwekundu "Usiku Mwema". Wa tatu anaunga vipande vya vitenge vilivyobaki kwa fundi, apate shuka la viraka la kumfunika mtoto. Nyuma ya nyumba ipo bustani ndogo ya mchicha na nyanya. Ukiuliza, "Mama, unafanya kazi gani?" utajibiwa, "Aa, si kazi, napitisha muda tu."

Jibu hilo ndilo tunalotaka kulichunguza. Je, ni kweli kwamba si kazi? Na kama ni kazi, nani aliyeanza kusema kwamba si kazi?

Nguo ilipokuwa fedha

Hapo kale watu wengi wa bara walivaa ngozi na nguo za magome ya miti. Lakini usifikiri kwamba hapakuwa na wafumaji. Magharibi ya Usangu, katika Ufipa na bonde la Ziwa Rukwa, watu walilima pamba, wakaisokota, wakafuma nguo nzito kwa mikono yao. Nguo hiyo huko Ufipa iliitwa seketa.

Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilileta nguo za kigeni. Iliyosifika zaidi ilikuwa merikani, nguo ngumu isiyopaushwa. Jina lake limetoka Marekani, kwa kuwa ilitengenezwa katika viwanda vya huko na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa mji wa Salem. Mwaka 1833 Marekani na Sayyid Said walifanya mkataba wa biashara. Baadaye, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopiganwa huko Marekani, 1861 mpaka 1865, merikani iliadimika, na nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi yake. Ilikuwapo pia kaniki, nguo nyeusi ya Kihindi. Watemi wa Usangu, walioitwa Merere, walipata nguo hizo kwa kuuza pembe za ndovu. Siku zile nguo ilikuwa fedha: ilinunua chakula, ililipa wapagazi, na ilikuwa zawadi ya mtemi kwa watu wake.

Sasa angalia jinsi ilivyopimwa. Kipimo kilikuwa mkono, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Mikono 4 ilikuwa shuka moja. Shuka 2, yaani mikono 8, zilikuwa doti. Basi unaweza kufahamu kwa nini mnunuzi mwenye akili alitazama kwanza urefu wa mkono wa muuzaji! Hata leo dukani tunanunua kanga kwa doti. Kumbuka neno hili la kipimo, maana tutalirudia.

Na kanga yenyewe ina habari ya sindano ndani yake. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani, katika karne hiyohiyo ya 19, walinunua leso zilizouzwa zikiwa jora zima. Badala ya kukata leso moja moja, walikata sita, wakaziunga tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja pana. Wafanyabiashara walipoona hivyo, wakaagiza nguo zilizochapwa kwa ukubwa ule. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi vazi linalojulikana katika Afrika Mashariki yote lilianza kwa kazi ya viraka.

Fundi wa barazani na mshonaji wa ndani

Mwaka 1851 Isaac Singer alipewa hati ya cherehani yake huko Marekani. Hazikupita siku nyingi mashine za namna hiyo zikafika Unguja, kisha zikaingia bara pamoja na maduka. Katika miji midogo mpango ulikuwa mmoja: mteja alinunua kitambaa ndani ya duka, na fundi aliyekaa barazani na cherehani yake alimpima na kumshonea. Mafundi hao, karibu wote, walikuwa wanaume.

Je, wanawake hawakushona? Walishona sana. Huko Unguja na pwani nyingine wanawake waliokaa ndani walidarizi kofia kwa mkono, kazi ya majuma mengi kwa kofia moja, na kofia zile ziliuzwa. Lakini sindano ya barazani iliitwa ufundi na bei yake ilijulikana kwa kila mtu. Sindano ya ndani iliitwa kazi ya nyumbani tu. Sindano ni ileile na uzi ni uleule, ila moja ilihesabiwa na nyingine haikuhesabiwa.

Vilabu vya akina mama

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Tanganyika ilianza kazi za maendeleo ya jamii, na katika miaka ya 1950 vilabu vya wanawake vikafunguliwa sehemu nyingi. Baraza la Wanawake la Tanganyika liliundwa mwaka 1951. Jirani zetu wa Kenya walianzisha Maendeleo ya Wanawake mwaka 1952. Katika vilabu hivyo akina mama walifundishwa kushona, kufuma sweta, kupika, usafi na malezi ya mtoto.

Lazima tuseme kweli juu ya vilabu vile. Nia ya wakubwa ilikuwa kumfanya mwanamke awe mke mwema wa karani, mwalimu au jumbe. Mambo ya mbegu bora na mazao ya biashara mara nyingi walifundishwa wanaume, ijapokuwa jembe lilikuwa mikononi mwa wanawake. Kwa hiyo yule mwanamke aliyekuwa mkulima alirudi nyumbani na kitambaa cha meza.

Lakini hakurudi na kitambaa peke yake. Katika nchi za baridi kama Njombe na Makete sweta si pambo, ni kinga ya mtoto. Tena kufuma sweta ni kufanya hesabu. Jaribu hii: mkono wa sweta una vitanzi 60 juu ya sindano. Unapunguza vitanzi 2 kila baada ya mistari 6, mpaka vibaki 40. Utafuma mistari mingapi? Lazima upunguze vitanzi 20, yaani mara 10. Mara 10 kwa mistari 6 ni mistari 60. Mwanamke ambaye hakupata kuingia darasani aliifanya hesabu hiyo kichwani huku akizungumza na wenzake. Alijifunza kusoma futi. Na juu ya hayo, alipata siku moja katika juma ya kutoka nyumbani na kukaa na wanawake wenzake, bila ya mtu kumwuliza anakwenda wapi.

Uhuru ulipatikana mwaka 1961, na mwaka 1962 ukaundwa Umoja wa Wanawake. Kushona na kufuma kuliendelea, sasa pamoja na kisomo. Katika mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza upande wa Mwanza mwaka 1968, watu wazima walisoma katika vitabu vilivyohusu kazi zao wenyewe: pamba, uvuvi, na kazi za nyumbani pia. Kazi za nyumbani nazo ziliandikwa kitabuni, karibu na pamba.

Bustani nyuma ya nyumba

Redio nayo iliingia katika kazi hiyo. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai". Hapo bustani ya mboga, iliyokuwa jambo la mama na watoto, ilizungumzwa na taifa zima.

Katika Usangu bustani haiwezi kutengwa na mfereji. Miongoni mwa watu wa kwanza kulima mpunga wa kumwagilia katika nchi hii ni Wabulushi waliohamia upande wa Rujewa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Katika miaka ya 1970 serikali ilijenga shamba kubwa la mpunga la Mbarali kwa msaada wa China, nalo liko hapo Ubaruku. Watu wakaja kutoka pande nyingi kutafuta kazi na majaruba, na palipopita maji ya mpunga, palikuwa na mtu wa kupanda mchicha, vitunguu na matembele kandokando.

Lakini maji nayo yana hesabu yake. Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu, unaokusanya maji ya Usangu, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi huko chini katika Hifadhi ya Ruaha, na moja ya sababu kubwa ni maji yanayotolewa juu kwa kilimo. Basi wewe mwenye bustani, mwagilia jioni, tandaza nyasi kavu juu ya tuta ili maji yasipotee, na funga mfereji ukisha kutosheka. Bustani nzuri kuliko zote si ile iliyonyweshwa sana.

Viraka na mitumba

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo ziliadimika madukani. Ndipo viraka vikawa elimu ya lazima. Sweta kuukuu ilifumuliwa, uzi ukaoshwa, ukafumwa tena. Kanga iliyochakaa ikawa nepi, kisha ikawa kitambaa cha kushikia sufuria. Katikati ya miaka hiyo biashara ilipofunguliwa, mitumba iliingia kwa wingi. Watu walipata nguo rahisi, na mafundi wengi walipoteza wateja.

Hata hivyo kazi ya mkono haikufa. Huko Iringa mwaka 2003 Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa la Anglikana ilianzisha Neema Crafts, ikianza na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi. Baadaye watu wengi wenye ulemavu walifanya kazi hapo ya kufuma, kushona na kutunga shanga, na wageni wakazinunua. Hapo sindano ya ndani imepewa jina la sindano ya barazani, yaani ufundi, wenye bei na mshahara.

Tuhesabu

Sasa tunafika penye kiini cha somo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri moja la talaka, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyopatikana wakati wa ndoa. Maana yake, anayepika, anayelea, anayefua na kushona, hata kama hakuleta shilingi mkononi, amechangia kujenga nyumba ile. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua kwamba mwanamke ana haki ya ardhi sawasawa na mwanamume. Kwa hiyo sheria imekwisha kuhesabu. Je, sisi wenyewe tumehesabu?

Tuseme mama mmoja amenunua uzi wa shilingi 12,000, akafuma vitambaa vya makochi kwa siku 10, akaviuza kwa shilingi 20,000. Atafurahi kuona noti. Lakini toa gharama ya uzi: zimebaki shilingi 8,000. Gawa kwa siku 10: amepata shilingi 800 kwa siku. Huenda ameridhika, kwa kuwa alifuma kwa kujifurahisha, akiwa na wenzake. Furaha nayo ni faida, wala hatumkatazi. Ila ajue. Akijua, siku mnunuzi atakapomwambia, "Si ulikuwa unapitisha muda tu? Nipunguzie!" atakuwa na jibu.

Nunua daftari dogo. Upande mmoja andika uzi, mbegu na mbolea. Upande wa pili andika ulichouza, na pia ulichotumia nyumbani: mafungu ya mchicha yaliyoliwa, sweta aliyovaa mtoto shuleni. Babu zetu hawakukubali nguo ipimwe kwa mkono mfupi. Kwa nini wewe ukubali kazi yako ipimwe hivyo?

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kijiji chenu, ni kazi gani ya mkono huitwa ufundi akiifanya mwanamume, na huitwa kupitisha muda akiifanya mwanamke?
2. Mboga za bustani yenu zingenunuliwa sokoni, zingegharimu kiasi gani kwa juma moja? Pigeni hesabu pamoja.
3. Nani huamua matumizi ya fedha ya vitambaa, na nani ya fedha ya mpunga? Kwa nini?

Somo letu linaishia hapo.