-chungu, -kali, -chachu na ukakasi: kutaja ladha ya bia

Katika zoezi la tafsiri nililowapa wanafunzi wangu, wengi waliandika "bia kali" palipokusudiwa "bia chungu". Msomaji wa tafsiri hiyo angedhani anaonywa kuhusu wingi wa kileo, kumbe anaelezwa ladha tu. Kosa hili si dogo, hasa kwa mtu atakayeendesha gari baada ya kunywa.

Kielelezo chetu ni eli ya mtindo wa Kibelgiji, aina ambayo De Koninck ya Antwerp, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1833, ni mfano wake mashuhuri, na ambayo leo hutengenezwa pia na viwanda vidogo vya bia katika nchi nyingine. Eli ni bia ichachushwayo katika joto kubwa kuliko la laga. Aina hii ina rangi ya kaharabu au shaba. Usiiite "bia nyeupe", kwani jina hilo huko Ubelgiji ni la bia nyingine, ya ngano.

-chungu *kv.* Yenye ladha kama ya shubiri, mwarobaini au kwinini. Uchungu wa bia hutokana na hopsi, maua yachemshwayo pamoja na maji ya kimea cha shayiri. Katika mbege ya Wachaga, kazi hiyo hufanywa na gome la msesewe. *Bia hii ni chungu kidogo, kisha utamu wa kimea hufuata.*
Tanbihi: *chungu* ni pia nomino, chombo cha kupikia. *Pombe iliyopikwa katika chungu si lazima iwe chungu.*

-kali *kv.* Neno hili hubeba mengi: pilipili kali, limau kali, kisu kikali. Kwa vinywaji, hutaja nguvu ya kulevya: *pombe kali*. Wagema wa pwani hutofautisha *tembo tamu*, lililotoka mnazini sasa hivi, na *tembo kali*, lililokwisha kuchacha. Eli ya Kibelgiji kwa kawaida huwa na kileo cha asilimia 5 hivi; basi ni chungu kiasi, wala si kali.

-chachu *kv.* Yenye ladha ya ndimu, ukwaju au maziwa ya mgando. Katika eli tunayoizungumzia, uchachu ulio dhahiri ni kasoro. Katika lambiki ya eneo la Brussels, ndiyo sifa yenyewe. Kwa hiyo sema *lambiki ni chachu*, usiseme *imechacha*, kwa kuwa kitenzi hicho humfanya msikilizaji afikirie chakula kilichoharibika.
Tanbihi: *chachu* ikiwa nomino humaanisha kitu cha kuumulia. Panapoweza kuzuka utata, tumia *hamira*.

ukakasi *nm.* Hali ya kinywa kukauka na ulimi kukwaruza, kama baada ya kula bibo au ndizi mbichi. Ukakasi ni hisia ya kuguswa zaidi kuliko ladha, nao huweza kuandamana na uchungu bila kuwa kitu kimoja nao. *Uchungu wake ulipokwisha, ukakasi ulibaki ulimini.*

Matumizi ya -enye. Hamira za Kibelgiji huzalisha zenyewe harufu zinazokumbusha matunda, na wakati mwingine karafuu, ingawa hakuna aliyetia karafuu hata punje moja. Andika *bia yenye harufu ya karafuu*. Ukiandika *bia yenye karafuu*, umetaja kiambato kisichokuwamo.

Kwa muhtasari: uchungu hutaja hopsi, ukali, kileo, uchachu, asidi, ukakasi, mguso wa kinywa. Mwonjaji anayeyatenga maneno haya humwezesha msomaji kujua kilichomo glasini kabla hajakitia mdomoni.