Rejista ya hali

Rejista ya hali ni nafasi ndogo ya kumbukumbu ndani ya mikrokontrola ambamo maunzi yenyewe huandika yaliyotokea punde, ili programu isome na kuamua hatua inayofuata. Neno rejista limeshazoeleka tangu shuleni, halina haja ya mbadala. Linalohitaji uangalifu ni hali. Anayefungua kamusi haraka kutafsiri neno la Kiingereza status anaweza kuangukia hadhi, nayo ni cheo cha mtu mbele ya wenzake. Rejista hii haipimi cheo. Inajibu swali tunaloulizana kila siku: u hali gani, sasa hivi?

Tuchukue ATmega328P, mikrokontrola ya bodi ya Arduino Uno. Ina kiolesura cha nyaya mbili, SDA wa data na SCL wa mapigo ya saa, kinachoelewana na vifaa vya I2C, utaratibu uliobuniwa na Philips mwanzoni mwa miaka ya 1980. Rejista yake ya hali ni TWSR, yenye biti 8: 5 za juu hubeba msimbo wa hali, 1 haitumiki, na 2 za chini huweka kigawanyo cha mapigo.

Tuseme programu inataka kuwasiliana na DS1307, chipu ya kutunza saa na tarehe. Inaamuru ishara ya kuanza. Kazi ikiisha, maunzi huinua biti ya TWINT katika rejista ya udhibiti na kuushikilia SCL chini, mawasiliano yakisubiri uamuzi wa programu. TWSR ikionyesha 0x08, ishara imetoka. Programu hutuma 0xD0, yaani anwani ya chipu pamoja na biti ya kuandika. Msimbo ukiwa 0x18, chipu imeitikia. Ukiwa 0x20, anwani imetumwa lakini hakuna kilichoitika: huenda waya umelegea, umeme haufiki au anwani imekosewa. Ukiwa 0x00, ishara ya kuanza au ya kusimama imejitokeza mahali pasipo pake.

Misimbo hii ina wakati wake. Kabla TWINT haijainuka, TWSR husomeka 0xF8, maana yake hakuna habari ya kutegemea. Pia biti za kigawanyo zichujwe kwanza. Kigawanyo kikiwa 4, biti ya mwisho huwa 1, hivyo 0x18 husomeka 0x19, na programu isiyochuja itadhani mambo yameharibika ilhali chipu imeitikia vizuri.

Ndiyo maana istilahi hii ifundishwe sambamba na mwenzake, rejista ya udhibiti. Ya udhibiti hupokea amri, ya hali hutoa jibu, na amri iliyoandikwa bado si kazi iliyotendeka. Programu nyingi za wanaoanza huamuru hatua zote mfululizo bila kusoma jibu hata moja, kisha hukwama bila mtu kujua zilikwamia wapi. Mwalimu akiandika ubaoni kwamba 0x20 ni "anwani haikuitikiwa", mwanafunzi ataanza kwa kukagua waya, umeme na anwani, badala ya kufuta programu nzima na kuiandika upya.